Kurusha dadu angani: namna ya kucheza Tiny Epic Galaxies mezani kwenu

Taja mchezo wa dadu mbele ya mtu wa Arusha, akili yake inakimbilia ludo. Unasubiri sita ili utoke nyumbani, unakula kete za wenzako, mwenye bahati anamaliza wa kwanza na waliobaki wananung'unika. Tiny Epic Galaxies nao ni mchezo wa dadu, ila hapa hakuna anayesubiri sita, na mtu aliyetokewa na dadu mbovu akatumia kichwa anaweza kumwacha mbali aliyebahatika akasinzia. Kusinzia ndiko kunakowaponza wengi, na nitakuambia kwa nini tukifika kwenye kufuata.

Mbunifu wake ni Scott Almes. Kampuni ya Gamelyn Games iliutoa mwaka 2015, baada ya mashabiki kuuchangia fedha kupitia Kickstarter. Kila mchezaji ni mtawala wa galaksi yake: ana roketi chache, ana nishati kidogo, ana utamaduni kidogo zaidi, na anataka kutwaa sayari kabla wenzake hawajazitwaa. Wanacheza mtu mmoja hadi watano. Mkishauzoea, wawili au watatu mnamaliza ndani ya dakika 45; mkiwa watano na kuna mgeni mezani, tengeni jioni nzima. Boksi ni dogo, kwa hiyo kama una ndugu anayerudi kutoka nje, mwagize bila aibu, halimjazii begi.

Kuandaa meza

Mnahitaji meza ndogo na mwanga wa kutosha kuona picha kwenye dadu. Umeme ukikatika, taa moja ya kuchaji inatosha. Barazani sishauri. Upepo wa jioni ukianza kushuka kutoka Meru, karata zitakuwa chini ya viti kabla hamjamaliza mzunguko. Miezi ya Juni na Julai, Arusha inapokuwa na baridi ya kuvalia sweta, mchezo huu unafaa ndani, karibu na chupa ya chai.

Dadu zirushieni ndani ya sinia lililotandikwa kanga au kitenge kilichokunjwa. Dadu ikidondoka kwenye sakafu ya vigae itakimbilia chini ya kabati, kisha uanze ugomvi wa kama inahesabika au irushwe tena. Na kama kuna chipsi mayai, malizeni kwanza, nawa mikono, ndipo mguse karata. Mafuta kwenye karata hayatoki.

Sasa pangeni. Kila mmoja anachukua ubao wake na roketi za rangi yake. Roketi mbili zinakaa kwenye galaksi yake, nyingine mbili zinawekwa pembeni mpaka azistahili. Alama ya nishati inaanzia 2, ya utamaduni inaanzia 1, na ya himaya inakaa kwenye ngazi ya kwanza. Kila mtu anagawiwa karata mbili za siri, zenye masharti ya kumwongezea pointi mwishoni, anachagua moja, nyingine anairudisha bila kuionyesha. Changanyeni karata za sayari, fungueni idadi inayotajwa kwenye kijitabu kulingana na wingi wenu, mzipange mstari mmoja katikati. Kazi ya kupanga inaishia hapo, na ni haraka kuliko kupanga drafti ya vizibo.

Pande sita za dadu

Dadu hizi hazina vidoti, kila upande una picha. Kuna upande wa roketi, unaohamisha chombo kimoja. Wa nishati unakuingizia nishati, na wa utamaduni unakuingizia utamaduni. Diplomasia na uchumi kila mmoja unasogeza roketi yako hatua moja kwenye sayari inayodai aina hiyo. Wa sita ni koloni, unaotumia nguvu ya sayari uliyokwisha kuitwaa au kuipandisha himaya yako ngazi.

Roketi inahitaji maelezo zaidi, maana wageni wote wanakwama hapo. Ukihamisha chombo kwenda kwenye sayari, una njia mbili. Unaweza kutua juu ya sayari, na hapohapo unafanya kile kilichoandikwa kwenye karata yake, mara moja. Au unakaa kwenye mzunguko wake, yaani mwanzoni mwa ile njia ya vituo iliyochorwa kuizunguka. Kutua kunakupa faida ya leo. Kukaa kwenye mzunguko ndiko kunakokupeleka kuitwaa sayari yenyewe. Ukishachagua, huruhusiwi kuhama kutoka juu ya sayari kwenda kwenye mzunguko wa sayari hiyohiyo, ni lazima uende kwingine kwanza au urudi nyumbani.

Nishati nayo ina siri yake. Hupati moja tu kwa sababu dadu imetoka. Unapata moja kwa kila roketi yako iliyoko kwenye sayari inayotoa nishati, pamoja na kila roketi iliyobaki kwenye galaksi yako mwenyewe. Utamaduni ni hivyohivyo, isipokuwa nyumbani kwako hakuna utamaduni. Lazima uwe na roketi kwenye sayari inayoutoa, la sivyo upande wa utamaduni ukitoka kwako ni picha tu.

Dadu ikipotea, msisimamishe mchezo. Chukua dadu ya ludo kwenye duka lolote la vifaa vya shule, na uandike kwenye karatasi: 1 roketi, 2 nishati, 3 utamaduni, 4 diplomasia, 5 uchumi, 6 koloni. Pande ni sita kwa sita, kwa hiyo hakuna anayepunjwa. Hata dadu zote saba zikipotea, mnaweza kucheza hivyo. Inachosha macho kidogo, basi.

Zamu yako, dadu kwa dadu

Mnaanza na dadu nne. Mwenye zamu anazirusha zote pamoja, anaziangalia, halafu anazitumia moja baada ya nyingine kwa mpangilio anaoutaka. Halazimiki kuzitumia zote.

Kama hazikupendezi, una haki ya kurusha upya mara moja bila malipo, na unachagua zipi za kurusha na zipi za kuacha. Ukitaka tena, kila mrusho wa ziada unalipia nishati moja. Dadu uliyokwisha kuitumia hairudi siniani hata ukilia. Unarusha zile ambazo bado hujazigusa. Kwa hiyo si lazima uamue kila kitu mwanzoni. Tumia mbili nzuri kwanza, uone meza imekaaje, ndipo urushe zilizobaki.

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Unataka, tuseme, upande wa uchumi. Ukirusha dadu nne, nafasi ya kuupata angalau mara moja ni kama asilimia 52. Dadu zikiwa tano inapanda hadi 60, na zikiwa saba inafika 72. Ukiwa na nne, ukazirusha zote mara mbili kwa kutumia ule mrusho wa bure, unafika karibu 77. Lakini kupata uchumi mara mbili katika mrusho mmoja wa dadu nne ni asilimia 13 tu. Kwa hiyo mpango unaohitaji upande mmoja ni mpango, ila unaohitaji pande mbili zinazofanana kwa mpigo mmoja ni dua.

Kwa wale ambao dadu zimewakataa kabisa kuna kigeuzi. Unatoa dadu mbili ambazo hujazitumia, unaziweka kwenye nafasi yake, na dadu ya tatu unaigeuza upande wowote unaoutaka. Ghali? Ghali sana, hasa mwanzoni ukiwa na nne, maana unabaki na mbili za kucheza. Binafsi nakiona kina maana pale tu hatua moja inapokutenganisha na kutwaa sayari, au unapotaka koloni ili upande ngazi na una nishati ya kutosha. Ukijikuta unakitumia kila zamu, shida iko kwenye mipango yako, dadu hazina kosa.

Tuseme zamu ya kwanza imetoka hivi: roketi mbili, nishati moja, diplomasia moja. Vyombo vyako vyote viwili viko nyumbani. Mgeni atashika roketi kwanza, kwa sababu kuruka ndiyo raha yenyewe. Akishatuma chombo kimoja kwenye sayari ya utamaduni, anatumia dadu ya nishati na kupata moja, maana nyumbani kimebaki chombo kimoja. Angeanza na nishati angepata mbili. Kwa hiyo: nishati kwanza, sasa una 4. Halafu roketi ya kwanza, chombo kiende kwenye mzunguko wa sayari ya utamaduni inayodai diplomasia, kama ipo mezani. Halafu diplomasia, kisogee hatua moja. Roketi ya mwisho itue kwenye sayari nyingine na uchukue faida yake, au uirushe upya ukitafuta koloni. Dadu ni zilezile nne, ila mpangilio umekuongezea nishati nzima.

Kufuata

Ludo imetuharibu. Mtu akimaliza zamu yake anachukua simu, anaitwa jina mara tatu ndipo anashika dadu. Kwenye mchezo huu, kila mara mwenye zamu anapotumia dadu, wengine wote mezani, mmoja baada ya mwingine kufuata mkono wa saa, wanaweza kulipa utamaduni mmoja na kufanya kitendo hichohicho kwa upande wao. Katumia roketi, na wewe unahamisha chombo chako. Katumia uchumi, na wewe unasogea. Katumia koloni, na wewe unatumia koloni lako au unapanda ngazi yako mwenyewe. Kila dadu inafuatwa mara moja na kila mtu, na aliyefuata hawezi kufuatwa.

Mkiwa wanne, zamu tatu kati ya nne si zako. Mtu mwenye utamaduni wa kutosha anacheza kwenye zote nne. Nimeona watu wakishinda huku dadu zao wenyewe ziliwapa takataka usiku kucha; walichofanya ni kukodolea macho dadu za jirani.

Kwa sababu hiyo, wekeni utaratibu wa sauti tangu mwanzo. Mwenye zamu anataja dadu anayoitumia, anamaliza kitendo chake, kisha anauliza kwa zamu: "Shangazi, unafuata?" "Nafuata." "Wewe dogo?" "Sifuati, endelea." Bila utaratibu huo, mwenye haraka anacheza dadu nne mfululizo, halafu shangazi anasema alitaka kufuata ile ya pili, na ya pili imeshabadilisha kila kitu. Mkirudi nyuma mara moja mtarudi usiku mzima. Sheria ya nyumbani ninayoipenda: ukiulizwa ukanyamaza huku unasoma meseji, umepita.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba na wewe unafuatwa. Kwenye mfano wetu hapo juu, ulipotumia nishati mwanzoni kabisa, kila mtu alikuwa bado na vyombo viwili nyumbani. Aliyekufuata alilipa utamaduni mmoja na kuvuna nishati mbili. Ukiona wenzako wana utamaduni tele, usitumie dadu inayowanufaisha kuliko wewe. Kama ni lazima, itumie baada ya kuwatazama bodi zao. Hakikisha pia kwamba unawatazama wakati wa shida: jirani mwenye utamaduni sifuri hawezi kukufuata, na hiyo ndiyo dakika ya kufanya jambo kubwa.

Ndiyo maana nashauri chombo chako cha kwanza kuondoka nyumbani kiende kwenye sayari ya utamaduni, hata kama sayari hiyo pointi zake ni chache. Unaanza na utamaduni 1. Ukiutumia bila kuwa na mahali pa kuupata mwingine, utakaa mtazamaji kwa muda mrefu. Kipimo cha kila rasilimali kinaishia 7, kwa hiyo kurundika nako hakuna faida: ukifika juu, kinachozidi kinapotea.

Kutwaa sayari na kupanda ngazi

Chombo chako kikifika kituo cha mwisho cha njia, sayari ni yako. Karata inaingizwa chini ya ubao wako, pointi zake unazihesabu tangu sasa, na nguvu yake unaweza kuitumia kila upande wa koloni unapotoka. Karata mpya inafunguliwa mahali pake. Vyombo vyote vilivyokuwa kwenye sayari hiyo, cha kwako na vya wenzako, vinarudi nyumbani kwa wenyewe.

Watoto wa ludo huuliza, "Kwa hiyo hakuna kula?" Kwa jina hakuna. Lakini mtu aliyesogea hatua tatu, akabakiza moja, kisha ukaifikia sayari kabla yake, atakuambia mwenyewe kama hajaliwa. Kazi yake yote imefutika na roketi imerudi nyumbani mikono mitupu. Kabla ya kuingia kwenye mzunguko, hesabu nani yuko mbele yako na ana hatua ngapi. Ukiwa nyuma kwa mbili na sayari inadai uchumi, kumbuka kwamba kila uchumi unaoutumia naye anaweza kuufuata. Mara nyingi ni heri kumwachia, utue juu ya sayari hiyohiyo na kuchuma faida yake wakati yeye anahangaika.

Sayari za pointi nyingi zina njia ndefu na zinawavuta watu wa tamaa. Mwanzoni mwa mchezo ziache. Ndogo mbili zenye nguvu inayolingana na mpango wako zinakujenga haraka.

Kupanda ngazi kunalipiwa kwa nishati au utamaduni, kiasi kilichoandikwa kwenye ubao, na malipo yote yawe ya aina moja, huchanganyi. Kila unapopanda unaongezewa dadu au chombo, hadi ukomo wa dadu saba na vyombo vinne, na ngazi zenyewe zina pointi. Lipa kwa nishati. Utamaduni ni wa kufuatia, kuutumbukiza kwenye ngazi ni kujinyima zamu za wenzako. Nafanya tofauti pale tu mchezo unapokaribia kuisha na ngazi moja inanipa pointi za kushinda.

Nani hupanda mapema mno? Yule anayeona dadu nyingi ndiyo utajiri. Anafika juu, ana dadu kibao, lakini hana sayari hata moja, na dadu zake zinawalisha wafuasi wake. Kupanda mara moja au mbili mapema ni sawa. Baada ya hapo angalia sayari.

Mchezo unavyoisha

Mtu akifikisha pointi 21, mzunguko unamaliziwa ili wote wawe na zamu sawa. Halafu kila mmoja anafunua karata yake ya siri, na hapo ndipo mezani panapopigwa kelele, kwa sababu aliyekuwa nyuma anaweza kuwa na masharti yaliyotimia tangu zamani, pointi zikaongezeka. Kwa hiyo anayefika 21 asisimame kushangilia. Ukiwa na 17 au 18, anza kupiga hesabu ya siri za wengine: nani amejikita kwenye aina moja ya sayari, nani hapandi ngazi kabisa bila sababu inayoeleweka.

Kuwafundisha wengine

Usisome kijitabu kwa sauti. Watu wazima waliochoka na kazi watasinzia kwenye ukurasa wa pili. Panga meza, wape dadu, cheza zamu ya kwanza wewe mwenyewe ukieleza kila dadu unavyoitumia, na waruhusu wafuate bure katika zamu hiyo moja ili waone kufuata ni nini. Kigeuzi kielezee siku mtu atakapopata dadu nne za hovyo, hapo atakuelewa mara moja. Karata za siri ziacheni kabisa kwenye mchezo wa kwanza.

Maandishi ya sayari ni ya Kiingereza. Kila sayari mpya inapofunguliwa, mtu mmoja aisome na kuieleza kwa Kiswahili mara mbili, kisha aulizwe kadiri watu wanavyotaka bila kukunja sura. Kama mna bibi au babu mezani, mkalishe karibu na huyo msomaji. Wazee waliokulia kwenye drafti wananasa upesi habari ya kuziba njia. Kinachowasumbua ni herufi ndogo, basi. Watoto wa darasa la tano na kuendelea wanacheza vizuri, ila wachunge: watafuata kila dadu mpaka utamaduni uishe, na hiyo waache wajionee.

Mkiwa wawili tu, mchezo ni wa kukabana koo na kufuata kunapungua uzito. Watatu au wanne ndiyo idadi ninayoipenda. Watano inawezekana, lakini zamu inachelewa kurudi, na asiye na utamaduni atakwenda jikoni kuangalia ugali.

Ukiwa peke yako, geuza ubao wa mchezaji mmoja ambaye hayupo. Nyuma yake kuna galaksi adui inayoendeshwa na dadu zenyewe, kwa viwango tofauti vya ugumu, na inakufuata kwa masharti iliyoandikiwa. Anza na kiwango chepesi. Adui huyo hapokei simu, hasinzii, na hukuadhibu papo hapo ukitumia dadu kwa mpangilio mbovu, kwa hiyo ni mazoezi mazuri kabla ya kuwaita jamaa wa Njiro waje Jumamosi.